Namba ya Mlangoni

Siku hizi mgeni husoma namba ya mlangoni kabla ya kupiga hodi. Kila nyumba ina kompyuta yake, na joto lake huonyeshwa nje ili watu wajue nani anaitunza na nani kaitelekeza.

Kwa Mwanaidi namba ilisomeka tisini na sita. Washenga waliokuja kumposa binti yake waliiona, wakaaga wakiwa bado barazani, na mtaa mzima ukashuhudia.

Jirani yake, Bi Saumu, aliingia bila kuitazama. Aliizima kompyuta, akaifungua, akangoja kidogo, akaweka kiganja juu ya prosesa, kisha akachungulia namba ya mlangoni.

"Baridi kama mtungi," alisema. "Na namba ya nje haijashuka. Kihisi chako cha joto ni kibovu, shoga. Changu nacho kinasoma themanini na nane mwaka wa pili sasa, na sina fedha ya kukibadilisha."

Mwanaidi alikumbuka kwamba kwa miaka hiyo miwili hakuwahi kukanyaga kwa Bi Saumu.

Alibadilisha kihisi. Namba ikawa arobaini na moja, na washenga wakarudi wakitabasamu. Walikuwa wamekaa sebuleni Bi Saumu alipotokea mlangoni na sinia la vitumbua alivyopika mwenyewe.

Mwanaidi alimwahi kizingitini. "Pitia mlango wa nyuma," alinong'ona. "Wanaijua namba ya nyumba yako."

Bi Saumu alizunguka uani na sinia lake kama mtu aliyezoea, na Mwanaidi akainama kupanga viatu vya wageni, ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.