Zamu ya Ijumaa

Siku hizi mgonjwa wa saratani ya ini hateseki peke yake. Sheria inamruhusu jamaa mmoja kumbebea maumivu na uchovu, lakini ni siku moja tu kwa juma. Anayembebea Mwanasiti ni mumewe Shekue, fundi viatu, na zamu yake ni Ijumaa.

Asubuhi alijifunga mkanda wa kupokelea kiunoni, na Mwanasiti akarudiwa na hamu yake yote. Alikuna nazi mbili, akapika wali na samaki wa kupaka, akala huku akiimba. Shekue alijilaza mkekani, uso umempauka.

"Yanauma sana, Baba Nuru?"

"Ya kawaida tu. Ongeza wali bwana, nifaidi kukutazama."

Adhana ya magharibi ilipolia, Mwanasiti alikwenda kumfungua mkanda, achukue chake. Haukufunguka. Alipoinama kuutazama, aliona kifungo kimeshonwa kwa uzi wa viatu, mishono miwili miwili.

"Shekue! Umefanya nini?"

"Ukoko umebaki?" Shekue akauliza, amefumba macho.

Mkasi ulikuwa palepale, kwenye kikapu chake cha kazi. Mwanasiti aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akaenda jikoni kubandua ukoko.