Maua ya Ukutani kwa Ngiri

Jumatatu asubuhi Ngiri na mkewe walihamia shimo walilonunua kwa Mhanga, mnyama mchimba mashimo. Ndugu wa mume walikuja kusaidia. Walipaka chokaa ukuta wa ndani kabisa na kuchora maua ya udongo mwekundu.

Ngiri wote huingia shimoni kinyumenyume ili pembe zibaki zikitazama nje. Kufikia jioni ukuta ulikuwa mtupu.

"Wifi, maua yako yamehamia makalioni kwetu!" alicheka dada wa mume.

"Kesho tunachora tena," mke alijibu. "Na kila mmoja ataingia kichwa mbele."

Walichora, wakaingia kichwa mbele. Chui aliyekuwa akipita aliona mikia mlangoni. Aliondoka na nywele za mkia wa mume.

"Sasa, mke wangu, maua au mkia?"

"Vyote viwili. Wifi, niletee udongo."

Safari hii alichora upande wa ndani wa ukuta wenye mlango. Jamaa wote waliingia kinyumenyume, wakaketi, wakainua macho. Maua yalikuwa mbele yao, na hakuna aliyeyagusa.