Pete za Mtiki

"Leo ndiyo mwisho wa sindano yako, mzee," alisema Herman, akiwasha mashine. Tarakimu nyekundu zikawaka kwenye kioo.

"Hujaniamkia," alijibu Bartholomeo bila kugeuka. "Viatu vyako nimevisikia tangu getini."

"Nikuamkie ya nini? Jumatatu hutakuwapo."

Mwaka huo, 1986, kituo cha kupima mbao mjini Shinyanga kilibakiwa na nafasi moja tu ya mpimaji. Mkuu wa kituo, Bi Justa, aliamua wapimaji wake wawili wahesabu pete za kipande kimoja cha mtiki, pete moja kwa kila mwaka wa mti. Umri wa mti aliufungia kwenye bahasha. Ambaye angekosea angeondoka.

Mashine ilitangulia. Thelathini na sita.

Herman akakisukuma kipande mezani. "Hesabu, babu. Ukichoka, sema."

"Niwekee mkononi. Si mfupa wa mbwa huo."

Bartholomeo alianzia katikati, ncha ya sindano ikikwama kidogo kwenye kila pete. Lenzi yake ilibaki mezani na vumbi lake. Alihesabu kama walivyohesabu kwao Usukumani, kwa majina ya miaka: mwaka wa Uhuru, mwaka wa mafuriko, mwaka wa Azimio. Zuwena, karani, alimwandikia.

"Anapima au anatambika?" Herman alicheka.

Karibu na gome, sindano ikasita, ikarudi nyuma.

"Hapa pana mwaka wa njaa, mwembamba kama uzi. Mashine yako imeuruka. Haijawahi kulala bila kula." Akaweka sindano chini. "Thelathini na saba."

Bi Justa akachana bahasha. "Thelathini na saba. Mzee anabaki."

Herman akaizima mashine kwa kofi. "Nimeshindwa na mchawi!"

Bi Justa akampa Bartholomeo barua ya kazi. "Isome, mzee. Kama haina kosa, niigonge mhuri." Akainama kutafuta mhuri kwenye droo.

Bartholomeo akaiinua barua mbele ya uso wake. Akaipitia taratibu, kichwa kikienda kushoto na kulia.

"Haina kosa," alisema.

Herman, aliyekuwa nyuma yake akikunja nyaya, akaitazama. Upande uliomwelekea mzee haukuwa na hata herufi moja.

Akanyoosha mkono, akaigeuza barua kabla Bi Justa hajainua uso.