Pikipiki ya Marehemu Reg

Wilf Hadley aliisukuma sili mpya mahali pake kinyumenyume, akaigongagonga kwa nyundo, kisha akapangusa mikono kama mtu aliyetenda haki.

"Imekaa?" aliuliza Enid, amesimama mlangoni pa gereji na trei ya chai.

"Imekaa. Lakini hizi za zamani, huwezi kujua."

Alijua vizuri sana. Sili ni kipira cha kuzuia oili, na mdomo wake ukitazama nje badala ya ndani, oili ya mnyororo wa klachi itapenya na kudondoka sakafuni. Jumamosi ijayo ingebidi arudi kuitengeneza. Beringi zilizolika alizibadilisha siku ya kwanza kwa uaminifu kabisa, maana na beringi hafanyi mchezo. Sili ndiyo iliyokuwa tiketi yake. Mtaa ule wa Cradley Heath kila pazia lina macho, na mzee mseja haingii kwa mjane bila spana mkononi.

Pikipiki ilikuwa ya marehemu Reg, mume wa Enid, bingwa wa mashindano wa enzi zake. Biskuti za chai zilikaa ndani ya kombe lake la ushindi. Wilf alimpenda Enid kimyakimya, na woga wake ulimuudhi mwenyewe.

"Upande huu wenye springi," Enid aliuliza, akiigeuzageuza sili ya akiba kiganjani, "unatakiwa utazame wapi?"

"Popote tu. Haina neno."

"Ahaa," alisema Enid, akamsogezea biskuti.

Ndipo Maxine, binti yake, alipoingia akichezea funguo za gari.

"Mzee Wilf, bado tu? Mnunuzi anakuja kesho kutoka Stafford. Ikidondosha hata tone moja, haitaki. Tusaidie basi. Lichuma hili likiondoka, mama atapata nafasi ya kupumua."

Wilf alimtazama Enid, akingoja apinge. Enid alichovya biskuti kwenye chai yake. Wilf akaona amejibiwa, na roho ikamuuma.

Maxine alipoondoka, Wilf alivuta kigoda na kukaa tena mbele ya pikipiki. "Ngoja niikague mara ya mwisho," alisema. Kabla hajanyoosha mkono, kifaa cha kung'olea klachi kilikuwa kimeshatua kiganjani mwake.

"Ni hiki?" aliuliza Enid.

"Ndicho. Umebahatisha."

Safari hii aliipachika sili ya akiba, mdomo ukitazama ndani, kama inavyotakiwa. Alirudisha klachi na mnyororo, akafunga kifuniko, akajaza oili na kuwasha injini. Chini aliweka boksi lililokunjuliwa. Walikunywa chai nyingine wakilitazama, na lilibaki kavu.

"Kwa hiyo umemaliza," alisema Enid.

"Nimemaliza."

Alikwenda kwake akala maharage ya kopo bila kuyapasha moto.

Asubuhi mnunuzi alichuchumaa kando ya pikipiki, akalivuta lile boksi. Katikati palikuwa na oili nyeusi iliyotanda kama sahani.

"Mliniambia haivuji," alisema. "Hapa bata wanaweza kuogelea." Akavaa glavu zake akaenda zake.

"Basi likae humu mpaka kiama," alisema Maxine. "Mimi nimenawa mikono." Naye akaondoka.

Wilf alifungua kifuniko. Aliogopa kwamba uzee umemwingia vidoleni, kwamba hata kazi aliyoifanya kwa moyo wote sasa inamshinda. Alitoa mnyororo na klachi, akamulika tochi.

Sili ilikuwa imepachikwa kinyumenyume. Imekaa sawasawa pande zote, bila mkwaruzo, bila alama ya nyundo. Maisha yake yote hakuwahi kuipachika sili vizuri namna ile.

Nyuma yake trei iliwekwa juu ya benchi. Enid alimimina chai, kucha zake zikiwa nyeusi kwa oili.

"Reg alikuwa anaendesha tu," alisema. "Spana nilishika mimi. Jumamosi ijayo ni zamu yako kuigeuza, ila hiyo nyundo iache nyumbani."