Nta kwenye Waya wa Resi

Niliwasha gari la Mzee Modest asubuhi, baridi ya Julai ikiwa bado kwenye vyuma. Nikakanyaga pedeli ya mafuta mara moja tu, nikaachia. Resi haikushuka. Injini ya dizeli ikazidi kunguruma peke yake.

Mara tatu Mzee alishalileta toka Ipole akilalamika kuwa linakimbia lenyewe, kila mara mchana wa jua kali, nami namrudisha: "Mzee, mbona limetulia?" Safari hii nilililaza gereji, nilijaribu kukiwa na baridi.

Nilifungua boneti. Waya wa resi, ule unaotoka kwenye pedeli kwenda kwenye pampu ya dizeli, ulikuwa umenasa. Nikaukwangua kwa ukucha. Kikatoka kipande cha kitu cha njano, kigumu, kinanukia asali.

"Nta hiyo, mwanangu," Mzee akasema nyuma yangu, amejaa fahari. "Sisi warina asali, kila kinachokwaruza tunakipaka nta."

"Mzee, nta inaganda kwa baridi! Inashika waya, gari linakwenda hata ukiachia pedeli!"

Fahari ikamtoka usoni.

"Jana kabla sijaja huku nililipaka nta hata gari la kwaya yetu," akasema.

"Liko wapi?"

"Limeondoka alfajiri hii kwenda Tura. Mke wangu yumo."

Akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, akapiga tena.

Jua lilikuwa halijavuka hata ukuta wa gereji. Kile kipande cha nta kilikuwa bado kiganjani mwangu. Nilikiminya kwa nguvu zangu zote, kikakataa kulainika.