Maji ya Chumba cha Nyuma

Bi Jokha alikinga maji ya bomba kwenye glasi ya wageni, ile yenye ukingo wa dhahabu, akaibeba taratibu mpaka sebuleni na kuiweka mbele ya mwanawe, kando ya sahani ya vitumbua.

Sultan, macho yake yakiwa kwenye simu, aliinua glasi akidhani ni chai ya rangi. Ilipofika puani aliirudisha mezani upesi. Ilinuka mayai viza.

"Ndiyo yanayotoka kule nyuma," Bi Jokha alisema. "Nimekuletea uyaone, maana kuambiwa umeshaambiwa."

Kweli alikuwa ameshaambiwa. Wa kwanza kusema alikuwa Milly, msichana wa Kenya anayefanya kazi humo ndani. Tangu joto lilipoanza kupungua alimweleza madam, yaani Mawadda, mke wa Sultan, kwamba hita, lile tangi la kuchemshia maji, ya bafu la nyuma inatoa maji machafu. Madam akajibu inshallah, na Milly hakurudia tena. Ni Bi Jokha aliyeona kitambaa cheupe cha kichwa cha Milly kikigeuka rangi ya majani ya chai, akauliza, akajibiwa.

Rashidiya nzima, mtaa wao huo wa nchi za Kiarabu, inajua mambo ya hita. Wakati wa joto tangi la juu ya paa huchemka, na bomba la baridi hutoa maji ya kuunguza. Basi watu huzima hita, zilizo ndani kivulini, na kuzifanya mitungi: ukitaka maji ya baridi unafungua bomba la moto. Majira yakigeuka, hita huoshwa kwanza ndipo ziwashwe. Mwaka huo Sultan alileta watu wakaosha zote za ghorofani. Ile ya chumba cha nyuma, kilichobanwa kati ya jiko na ukuta wa uani, waliiwasha tu wakaenda zao.

Sultan hakuwa mtu mbaya. Dawa za mama yake alizinunua kabla hazijaisha, na akimvusha barabara alimshika mkono kama aliyebeba kaure. Lakini kwa hili alikuwa na majibu mengi. Fundi atakuja wiki ijayo. Mama na aoge bafuni kwa Sultan mwenyewe, kule juu. Au aletewe maji ya chupa.

Bi Jokha aliyakataa yote. "Kila mtu na aoge chumbani kwake," alisema, akarudi kule nyuma alikohamia, akaketi juu ya kitanda kilichogusa ukuta huku na huku, akashika tasbihi yake.

Mchana Sultan alimfuata. Alisimama mlangoni, maana ndani hapakuwa na pa kusimama.

"Mama, toka humu, nakuomba. Watu wakisikia unalala humu watasema nini?"

"Watasema Sultan ana chumba kama hiki nyumbani kwake. Ni uongo?"

Sultan alitazama dari.

"Na Ijumaa wakija wakwe zako nitawapokea hapa hapa," Bi Jokha aliendelea. "Wakitaka kunawa mikono, bomba lile pale."

Sultan alipoondoka, Milly aliingia na chai, akaiweka juu ya ukingo wa dirisha kwa kuwa hapakuwa na meza. Alinong'ona kwamba yeye anaona bora bibi aache tu, madam amekasirika.

"Akasirike, mwanangu. Hasira hainuki."

Milly alizuia kicheko kwa kiganja. Bi Jokha aliona kwamba chai imetiwa tangawizi, na kwamba mto wake umevishwa foronya safi, na hakuna aliyemwagiza msichana yule kufanya hivyo.

Alhamisi asubuhi fundi alikuja. Aliitwa Matia, Mganda mrefu, na alipopanda kwenye kigoda viwiko vyake viligonga kuta zote mbili. Alisema aliyejenga bafu lile alimpima paka. Bi Jokha alicheka mpaka akafuta machozi.

Matia alifungulia maji yote. Yalitoka mekundu, kisha meusi, kisha yakaja na matope. Akachomoa fimbo ya madini inayowekwa ndani ili kutu iile yenyewe, iliache tangi. Ilikuwa imeliwa ikabaki kama mswaki wa mti uliotafunwa mwezi mzima. Akatia mpya, akajaza tangi, akaliwasha kwa moto wa mwisho, akamwaga tena.

Muda wote huo Sultan alikuwa nyuma yake, mikono ya kanzu imekunjwa, akipokea ndoo na kuzimwaga uani. Hakuna aliyemwomba. Bi Jokha aliliona na hilo pia, akaliweka moyoni.

Kazi ilipokwisha, alikinga tena glasi yenye ukingo wa dhahabu. Maji yalikuwa meupe kabisa. Akayaacha yapoe, akayanusa, akampa mwanawe. Sultan aliyanywa yote.

Bi Jokha alikunja msala wake, akautia mto kwapani, akapanda ngazi mdogo mdogo mpaka kwenye chumba kikubwa chenye roshani, akagonga mlango.

"Milly, mwanangu, bafu lako limepona. Shuka ukaoge, unirudishie na kitanda changu."