Bajia Zenye Habari

Gazeti lake lilipofungiwa, Mwanaisha hakulia, alinunua karai. Sasa anakaanga bajia sokoni, na kila moja anaifunga kwa karatasi aliyoichapa mwenyewe. Redio ya mji ilisema maji ya bomba ni salama. Karatasi za Mwanaisha zilieleza kilichokutwa ndani ya tangi la maji hayo, na foleni ikazidi kurefuka.

Mara akaja askari. Foleni ikampisha.

“Nasikia hapa linauzwa gazeti, mama.”

“Gazeti mlilifunga, afande. Hapa ni bajia tu. Nikutilie chatne?”

Askari akala, akasoma mpaka chini, akageuza karatasi. Nyuma patupu.

“Mbona inakatikia patamu? Huyo mbuzi aliyeoza aliingiaje tangini?”

“Habari ndefu, afande. Haienei bajia moja.”

Mkono wa askari ukagusa pingu, ukasita, kisha ukashuka mfukoni kutafuta hela.

“Nifungie nyingine, yenye mwendelezo. Tena nyingi. Kituoni nasi tunakunywa maji hayo hayo.”

Foleni ikaangua kicheko. Askari akaondoka na bajia zimemtuna mfukoni, mafuta yakipenya, na maneno yakianza kujichapa kwenye sare yake nyeupe.